Samaki wa Ziwa Masoko: wa njano juu, wa bluu chini, DNA inasema ni mmoja au wawili?

Ziwa Masoko lipo kusini mwa Tukuyu, wilayani Rungwe, wenyeji wengi wanaliita Kisiba, na ukimuuliza mtu wa Mbeya analijuaje atakupa stori ya Wajerumani, kwamba walikuwa na boma pale na vita vya kwanza vilipowabana wakatupa silaha na hela majini. Sawa, hiyo stori ina watu wake. Mi nataka tuongelee kitu kingine kilichomo kwenye maji hayo hayo, na kwangu mimi ni kikubwa kuliko sanduku lolote la hela ya Mjerumani, ni samaki. Kisa chao kimeandikwa kwenye majarida makubwa ya sayansi duniani, kimesomwa vyuo vingi tu, alafu sisi wa huku nyanda za juu kusini wengi wetu hatujawahi hata kukisikia. Inaniuma kwa kweli. Ndio maana nakichambua hapa kizima kizima.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ni ziwa la volkano, shimo lililobaki baada ya mlipuko miaka kama 50,000 iliyopita, upana wake mita 700 tu, yaani unaweza ukasimama ukingoni ukaona ng'ambo yote bila shida. Kina kinafika mita thelathini na kitu. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka, pembeni kuna msitu na kuta za shimo, basi. Shikeni hilo la kufungwa na la udogo kwa sababu uchambuzi wote unasimama hapo.

Samaki mwenyewe jina la kitaalamu anaitwa Astatotilapia calliptera, ni wa ukoo wa sikilidi, ukoo mmoja na perege, sato, na wale furu wa Ziwa Victoria. Ni mdogo, wa kiganja, jike analea mayai na watoto mdomoni kama ndugu zake wengi. Huyu samaki sio wa Masoko peke yake, yuko kwenye mito na madimbwi kuzunguka Ziwa Nyasa, na mto Mbaka unaoshuka kwenda Kyela anao pia. Sasa kule Masoko wanasayansi walipoanza kumvua kwa mpangilio, kina kwa kina, wakakuta kitu cha ajabu. Kwenye maji mafupi, mita tano kuja juu, madume ni wa njano. Ukishuka mita ishirini na zaidi, kule kwenye mwanga hafifu, madume ni wa bluu iliyokolea. Na sio rangi tu. Wa chini ana kichwa kirefu na taya ndefu zaidi, umbo la mwili ni jingine, na meno ya kooni (hawa samaki wana taya ya pili kooni, ndiyo inayosaga chakula) yanatofautiana pia. Hata chakula si kimoja, wa juu anakula zaidi vijidudu vya ukingoni na wa chini anategemea zaidi viumbe vidogo vinavyoelea majini.

Swali la kisa ndio hili: hapo tuna samaki mmoja mwenye sura mbili, au tuna samaki wawili?

Mtu anaweza akasema sasa hilo swali lina faida gani, samaki ni samaki. Faida ipo tena kubwa. Ziwa Nyasa hapo chini Matema lina aina za sikilidi zinazohesabika kwa mamia, na wataalamu wamehangaika miongo mingi kuelewa ziwa moja limezalishaje aina zote hizo. Shida ya Nyasa ni kwamba unaona matokeo tu, kazi imeshafanyika zamani na mambo yamechanganyikana sana. Huyu wa Masoko ni ndugu wa karibu sana wa hao wa Nyasa, na yeye yuko katikati ya safari. Ni nafasi ya kuangalia aina mpya ikitengenezwa badala ya kukisia ilitengenezwaje.

Sasa njia ya zamani ya kujibu swali kama hili ilikuwa unachukua kipande kimoja cha DNA, mara nyingi jeni moja ya kwenye mitokondria (sehemu ya seli inayotengeneza nguvu, ina DNA yake kidogo), unalinganisha. Njia hiyo ni ya bei nafuu na kwa samaki walioachana zamani inafanya kazi vizuri tu, ukitaka kumtofautisha kambale na perege hauhitaji zaidi ya hapo. Ila kwa hawa sikilidi wetu inakwama vibaya. Wameachana juzi tu kwa kalenda ya mageuzi ya viumbe, bado wamebeba matoleo yale yale ya jeni waliyorithi kwa babu mmoja, kwa hiyo ungechukua kipande kimoja cha samaki wa njano na cha wa bluu ukalinganisha ungeandika ripoti kwamba ni kitu kimoja, ukafunga faili ukaenda zako. Nalisisitiza hili kwa sababu bado nasikia watu wanasema "DNA imepimwa" kama vile DNA ni kipimo kimoja. Inategemea umesoma kiasi gani na umesoma wapi.

Kilichofanyika Masoko ni kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya samaki mwanzo mpaka mwisho. Kazi ilitoka mwaka 2015 kwenye jarida la Science, wakiongozwa na Milan Malinsky, na ndani yake wapo Richard Durbin, Eric Miska, Martin Genner, George Turner, na Mtanzania wetu Benjamin Ngatunga wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Walisoma jenomu za samaki 146. Kwa asiyejua inavyokwenda: samaki akivuliwa unaandika alikotoka na kina chake, unampiga picha, unakata kipande kidogo cha pezi unakitia kwenye spiriti, baadaye maabara wanatoa DNA, wanaivunja vipande vidogo vidogo, mashine inasoma mamilioni ya vipande kwa mpigo, kisha kompyuta inavipanga kwa kuvilinganisha na jenomu ya sikilidi iliyokwishasomwa kabla. Jenomu ya hawa samaki ni herufi karibu bilioni moja (herufi ni vile viungo vinne vya kemikali, A, C, G na T, vinavyojirudia kwenye DNA). Ukishapanga unaanza kutafuta wapi samaki mmoja ana herufi tofauti na mwenzake.

Na hapa ndio pa kushangaza. Kwa wastani wa njano na wa bluu karibu hawatofautiani. Hakuna hata sehemu moja kwenye jenomu ambayo njano wote wana herufi hii na bluu wote wana herufi ile. Hakuna. Mtu wa haraka angeishia hapo. Lakini wastani unaficha, ukichukua wastani wa mvua ya Tanzania nzima huwezi kujua kwamba Tukuyu kuna mvua vile. Walipokata jenomu vipande vipande na kupima tofauti kila kipande peke yake, zikaibuka sehemu 98 ambazo tofauti inapanda ghafla alafu inashuka ghafla, na nje ya sehemu hizo samaki wamechanganyikana kabisa. Wataalamu wanaziita visiwa.

Kwanini iwe hivyo? Fikiria njano na bluu bado wanazaana mara moja moja. Kila wakizaana jeni zinachanganyika upya, na jeni ambayo haina madhara ukiwa juu au chini inazunguka ziwa zima bila kizuizi. Ila jeni inayomsaidia samaki kuona gizani ikipanda juu haina kazi, na ya juu ikishuka chini mwenye nayo anashindwa kula au kupata mchumba, hafikishi watoto. Kwa hiyo sehemu hizo chache zinabaki zimetengana kwa nguvu huku zingine zote zikiendelea kuchanganyika. Ndio maana wastani unaonyesha hakuna kitu wakati kwenye visiwa kuna mvutano mkubwa unaendelea.

Ndani ya visiwa hivyo kuna nini, ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kuna jeni za kuona. Iko ya rodopsini, hii ni protini ya jichoni inayofanya kazi kwenye mwanga hafifu, sisi binadamu pia tunayo ndio inatusaidia usiku. Samaki wa juu na wa chini wanaelekea kwenye matoleo tofauti ya jeni hiyo, na sio rodopsini peke yake, kuna jeni zingine pia zinazohusiana na kuona kwenye mwanga hafifu kama wa jua likizama hivi. Kuna jeni za homoni na za kujenga umbo la mwili pia. Kwangu mimi rodopsini ndio ushahidi mzito kuliko wote kwenye kisa hiki, kwa sababu hauhitaji maelezo marefu: mita ishirini chini mwanga ni mdogo, jicho linabadilika, na DNA inaonyesha badiliko liko hapo hapo ambapo ungelitegemea. Vipande vingine vingi kati ya 98 bado ni jeni zinazoshukiwa tu, kukuta jeni ndani ya kisiwa sio sawa na kuthibitisha kwamba ndiyo inayofanya kazi, na msomaji asidanganyike na idadi.

Kuna pingamizi mbili ambazo mtu makini lazima azilete. Ya kwanza, labda hao bluu walikuja kivyao kutoka sehemu nyingine, yaani ziwa lilipokea wageni mara mbili, na kinachoonekana leo ni wageni wawili waliokutana. Hii ingeua kisa chote cha kugawanyika ndani ya ziwa. Jenomu zinaijibu vizuri: wa njano na wa bluu wa Masoko wako karibu wao kwa wao kuliko yeyote kati yao alivyo karibu na samaki wa mtoni. Makadirio ni kwamba samaki wa Masoko kwa ujumla waliachana na wale wa mtoni miaka kama 10,000 iliyopita, na kuachana kwa njano na bluu ni kama miaka 1,000 tu. Miaka elfu! Wakati huo Kilwa ilishakuwa na wafanyabiashara wake, yaani hii sio hadithi ya enzi za dinosaria, ni jambo lililotokea watu wakiwepo, na bado linaendelea.

Pingamizi ya pili ni ngumu zaidi na mi naiheshimu. Sikilidi ni samaki wanaobadilika sana kwa mazingira, mlishe chakula kigumu tangu mdogo na taya yake inakomaa tofauti. Sasa utajuaje kwamba bluu sio njano aliyekulia chini? Hapa ndio kazi ya pili inaingia, ilitoka 2022, wakiongozwa na Grégoire Vernaz. Hawa hawakuangalia herufi za DNA tu, waliangalia alama za kemikali zinazokaa juu ya DNA, zinaitwa methili, ambazo zinasaidia kuamua jeni ipi iwashwe na ipi izimwe bila kubadilisha herufi yenyewe. Wakakuta tofauti nyingi mno kati ya njano na bluu, jenomu nzima, kuzidi vile ungetegemea kwa samaki ambao herufi zao zinakaribia kulingana. Na zinagusa mambo yenye maana, jeni za himoglobini na utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, ukikumbuka kwamba maji ya kina kwa kawaida yana oksijeni ndogo kuliko ya juu unaelewa kwanini damu iingie kwenye hii hadithi. Kisha wakafanya jaribio la kuwalea wote mazingira ya aina moja. Matokeo: alama nyingi zilipangwa upya haraka ndani ya kizazi, kumbe zilikuwa ni mazingira tu. Ila baadhi ya tofauti za njano na bluu zilirithiwa.

Kwa hiyo mwenye pingamizi ana haki nusu. Mazingira yanafanya kazi kubwa, na kuna kitu juu ya mazingira kinachopita kwa watoto. Mi naona inawezekana kabisa kwamba mwanzoni samaki walishuka chini wakajirekebisha kwa hizo alama kwanza, kisha herufi zikafuata polepole kizazi hadi kizazi. Hayo ni maoni yangu.

Upande wa kuchagua mchumba ndio naona ushahidi ni mwembamba kidogo. Waliangalia nani anazaa na nani, na uchaguzi wa mchumba ukaonekana kuendana na jeni zilizoko kwenye vile visiwa. Inatosha kusema kuna mwelekeo, haitoshi kusema kuna ukuta. Na kama ukuta haujakamilika basi jibu la swali letu haliwezi kuwa "wawili" moja kwa moja.

Nitoke kidogo Masoko niende baharini, sitakaa sana. Kuna samaki wa miamba ya matumbawe huko Karibi, wa jenasi Hypoplectrus, wako wa rangi nyingi, mweusi, mwenye michirizi, wa njano, wanaishi mwamba mmoja, wanaonana kila siku na jioni kila mmoja anatafuta wa rangi yake. Kwa samaki wa matumbawe swali la kugawanyika ni gumu kweli kweli kwa sababu watoto wao wachanga wanachukuliwa na maji ya bahari, hakuna mlima wala mto wa kuwatenga. Utafiti wa 2019 ukasoma jenomu zao, na picha iliyotoka inashabihiana na ya Masoko: jenomu karibu yote haina tofauti, isipokuwa sehemu nne nyembamba tu, na ndani yake mna jeni ya rangi ya mwili iitwayo sox10, na jeni za opsini, zile za macho. Bahari wazi kule, shimo la mita 700 huku Rungwe, na sehemu zote mbili jicho liko kwenye orodha. Tofauti ni kwamba wale wa Karibi wana sehemu nne na wa kwetu wana 98, na nadhani sababu ni kwamba wale wanatofautiana rangi zaidi kuliko maisha, wakati wa kwetu wamebadilisha kila kitu, kina, mwanga, chakula, taya, hadi damu. Kazi kubwa inadai jeni nyingi.

Turudi Rungwe. Hukumu yangu kwenye swali la kisa: Masoko hakuna samaki mmoja wala hakuna wawili, kuna mmoja anayegawanyika. Najua jibu hili linawaudhi watu wa uhifadhi, wao wanataka jina la kuandika kwenye orodha, kama huna jina hulindwi. Lakini ukiwalazimisha kuwa aina moja unasema bluu akipotea sio neno kwa sababu njano yupo, na hapo utakuwa umepoteza kitu ambacho huwezi kukirudisha. Cha kulinda hapo ni lile tendo la kugawanyika, na linategemea vitu viwili vya kawaida sana: maji yabaki na uangavu wake, na asiletwe mgeni.

Nalisema hili kwa sababu Ziwa Victoria lilishatuonyesha. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na furu wengi wakaisha. Na kuna utafiti wa 1997 kule kule Victoria ulioonyesha kwamba maji yakichafuka, mwanga ukapungua, majike wa furu wanashindwa kutofautisha rangi za madume na aina zilizokuwa zimeachana zinaanza kurudiana. Hawafi, wanachanganyika tu, na kwa nje unaona samaki bado wapo. Sasa ziwa la mita 700 lisilo na mto wa kutoa uchafu ukilima mpaka kwenye ukingo wa shimo, mvua zetu hizi zikashusha udongo na mbolea, itachukua muda gani? Na mtu mmoja tu mwenye nia nzuri akibeba ndoo ya vifaranga vya sato kutoka kwenye bwawa lake akamwaga Masoko ili vijana wapate kitoweo, miaka elfu ya kazi inaweza kuharibika ndani ya muda mfupi. Simlaumu mwananchi, hajaambiwa. Nani amemwambia?

Watafiti kabla ya kuja wanachukua kibali COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, TAFIRI wanashirikishwa, taratibu zipo. Ila matokeo yakishatoka yanaandikwa Kiingereza cha kitaalamu na mwalimu wa baiolojia wa sekondari pale pale Rungwe anafundisha mageuzi kwa mfano wa ndege wa Galapagos, wakati mfano mzuri tu uko karibu na shule yake na anaweza kuwapeleka wanafunzi kwa miguu. Kwenye hili sina uvumilivu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, ramani ya kina cha ziwa, picha ya njano na bluu, ungetosha kuanzia.

Na kuna kazi ambayo ingeweza kufanywa hapa hapa bila kusubiri mtu wa nje, TAFIRI wana kituo Kyela, Mbeya kuna vyuo. Vile visiwa vimeshajulikana viko wapi kwenye jenomu, kwa hiyo huhitaji tena kusoma herufi bilioni nzima kila mara, unachagua sehemu chache kati ya hizo, unasoma hizo tu, ni gharama ndogo sana kulinganisha. Kila baada ya miaka michache unachukua vipande vya mapezi ya samaki wa mita tano na wa mita ishirini, unarudisha samaki majini, unapima. Tofauti ikibaki palepale au ikapanda, mgawanyiko unaendelea. Ikianza kushuka, hasa kwenye zile za macho, ujue njano na bluu wameanza kurudiana, na kwa sababu jeni zinaanza kuchanganyika kabla rangi haijapotea machoni petu, unaweza ukapata onyo mapema, muda wa kwenda kuangalia nani analima ukingoni na nani kaleta ndoo.